Milimita hamsini ni ndoo ngapi?

Aliyeniuliza ni mama yangu. Ilikuwa Alhamisi, Mei 2, 2024, baada ya isha, tumekaa barazani kwetu Kilwa Kivinje, redio iko juu ya kigoda. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa inasomwa kwa mara nyingine siku ile: kimbunga Hidaya kipo baharini, kinasogea pwani yetu, watu wachukue tahadhari ya upepo mkali, mawimbi makubwa na mvua kubwa. Mtangazaji akafafanua kwamba mvua ikiitwa kubwa maana yake ni zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Mama alikuwa anapeta mchele. Akausimamisha ungo, akaniangalia.

"Milimita hamsini ni ndoo ngapi, mwanangu?"

Nikamwambia ni nyingi. Akanyamaza, akaendelea kupeta. Nimefanya biashara ya samaki miaka kumi na moja, hesabu za kilo na barafu nazipiga kichwani, lakini ile sikuijua, na usiku ule sikuhangaika kuitafuta. Nilikuja kuipiga siku tatu baadaye, madeli yangu ya samaki yakiwa yamevuja maji yote, na tangu hapo kila masika inanirudia.

Naishi Mbagala, Dar es Salaam, lakini mzigo wangu unatoka nyumbani Kivinje: changu, tasi, kolekole, na vibua vikipatikana. Nanunua ufukweni mashua zikifika, napanga kwenye madeli kwa barafu, madeli yanapanda guta mpaka Nangurukuru, na pale tunalisubiri basi linalotoka Lindi au Mtwara. Samaki akiondoka asubuhi, jioni yuko Mbagala. Ni barabara moja tu. Nimeipita mara nyingi mno hata nikawa siioni tena. Nikikaa dirishani nasinzia Ikwiriri, naamka Mkuranga.

Safari ile sikusinzia. Nilishuka kutoka Dar Jumatano, siku ya Mei Mosi, na tulipofika Daraja la Mkapa basi zima lilinyamaza. Rufiji ilikuwa imetapakaa pande zote mbili, mashamba hayaonekani, miti imesimama ndani ya maji mpaka kifuani. Watu wa Muhoro na vijiji vya jirani walikuwa wameshahama nyumba zao tangu Aprili. Vuli ya 2023 ilikuja na El Nino, ikanyesha kuliko kawaida, kisha masika nayo yakaingia kwa nguvu kabla ardhi haijakauka. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu alisema, "Ardhi imeshiba hii." Hakuna aliyemjibu. Udongo ulioshiba haunywi tena. Tone linalofuata halina pa kwenda ila kutembea.

Nilitakiwa nilielewe neno lile pale pale. Badala yake nilifika nyumbani, nikala, nikaanza kuulizia bei za samaki.

Inabidi niseme kwa nini watu wengi hawakuogopa, mimi nikiwa mmoja wao. Aprili 2019 tulitangaziwa Kenneth. Mtwara watu waliambiwa wahame maeneo ya pwani na mabondeni, watu wakabeba magodoro na watoto, na mwisho kimbunga kikashukia Cabo Delgado. Wenzetu wa Msumbiji ndio waliolia, tena wiki sita tu baada ya Idai kuibomoa Beira. Huku kwetu mengi yaliyobaki ni maneno: walisema kinakuja, hakikuja. Aprili 2021 ikawa zamu ya Jobo, kikaishiwa nguvu kabla ya kutufikia. Kwa hiyo Hidaya kilipotajwa, vijana wa ufukweni walisema hicho nacho kitapita. Hawakuwa wajinga. Mtu aliyehama mara moja bure anaihesabu ile nauli na yule kuku aliyeibiwa akiwa hayupo.

Kwa upande mwingine ni kweli kwamba vimbunga havipendi huku kwetu. Vinataka bahari yenye joto, nyuzi 26 au 27 na zaidi, na joto tunalo. Lakini vinataka pia ule mzunguko wa dunia wa kuuzungusha upepo, na ukikaribia ikweta nguvu hiyo inapungua mpaka inakwisha. Ndiyo maana njia zao za kawaida ni Madagaska, Msumbiji na Komoro. Sisi tuko ukingoni. Ukingoni hakumaanishi salama. Babu yangu alikuwa baharia wa jahazi, na Aprili 1952 kimbunga kilipoipiga Lindi kikaua watu zaidi ya 30, alikuwa katika mji ule. Baba alikuwa hajazaliwa, lakini alikua akiisikia habari ile kila kusi likivuma vibaya. Wazanzibari nao wana ya kwao, ya Aprili 1872, enzi za Seyyid Barghash: tufani iliyoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuzivunja merikebu bandarini. Pemba ikawa ndiyo nchi ya karafuu tangu hapo.

Baba peke yake ndiye aliyeamini tangu siku ya kwanza. Hakubishana na mtu. Alhamisi usiku, redio ilipozimwa, alisema tu, "Kesho asubuhi mashua inaingia mikokoni."

Ijumaa asubuhi ikawa hivyo. Kaka yangu na vijana wanne waliipeleka mashua ndani kabisa ya kijito, mahali ambapo mikoko imefunga pande zote, wakaitilia nanga omo na tezi, mbele na nyuma. Baba alibaki na amari ya zamani, kamba nene ya nanga, akaipitisha juu ya bati la nyumba, huku na huku, akaifunga kwenye vigingi alivyovichimbia tangu alfajiri. Nilimshikia kamba. Mikono yake imekakamaa kwa miaka ya bahari na vidole viwili havikunjiki vizuri, lakini fundo alilolifunga pale mimi sikuweza kulilegeza hata kwa meno; baadaye ilibidi tulikate kwa kisu. Kila alipomaliza fundo alilipigapiga kwa kiganja, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Alipomaliza kona ya mwisho aliangalia mbinguni, akaniuliza mwezi ni wa ngapi. Nikahesabu: mwezi ulikuwa umepita robo ya mwisho, mwandamo bado siku kadhaa. "Maji mafu," akasema. "Alhamdulillahi. Lingekuwa bamvua, Kivinje yote ingeoga." Sijalisikia jambo hili likitajwa popote baada ya kimbunga, na nadhani halikupewa haki yake. Bahari siku zile ilikuwa katika kujaa kwake kudogo. Mawimbi yaleyale yangekuja juu ya maji ya bamvua, hadithi ya mji wetu ingekuwa nyingine.

Mimi asubuhi ile nilifanya kosa langu. Kwa kuwa vyombo vyote vilikuwa vimerudi na kila mvuvi anataka kuuza aondokane na samaki, bei ilianguka. Nikanunua kilo 130. Nilijaza madeli matatu, barafu juu na chini. Ningeweza kupakia siku ileile, ningefika Mbagala usiku. Lakini baba alihitaji mikono ya kushika kamba, na mimi moyoni nilikuwa na Jobo. Nikasema nitaondoka Jumamosi.

Jina la kimbunga lenyewe lilileta simanzi ndogo mtaani kwetu. Majina haya huwa yanapangwa mapema kwenye orodha, nchi za kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi zinachangia, na lililofuata lilikuwa Hidaya. Kwetu hidaya ni zawadi, na ni jina la watoto wa kike. Jirani yetu ana binti anayeitwa hivyo, alikuwa darasa la pili. Ijumaa mchana nilimkuta amejikunja nyuma ya mlango wa kwao analia kwa sababu wenzake walimwambia ndiye anayekuja kubomoa nyumba. Mama akamwita, akampa kashata, akamkalisha miguuni pake mpaka magharibi. Alimwambia jina lake ni lake yeye, kimbunga kimeazima tu.

Upepo ulianza kwa kusi. Hilo si ajabu Mei, kusi ndilo upepo wa msimu, lakini hili lilikuja kwa mafungu: linanyamaza, unasikia minazi inajinyoosha, kisha linarudi limekasirika. Mvua ikaingia usiku wa Ijumaa. Kwanza ilisikika kama mvua ya kawaida ya masika. Baada ya saa moja ikawa hatusikizani ndani ya chumba kimoja. Tulikaa wote sebuleni, tisa, taa ya chemli katikati kwa sababu umeme ulishakatika. Bati lilikuwa linapumua. Linainuka kidogo, unasikia misumari inalia, kisha amari inalivuta chini. Kila likiinuka tulikuwa tunanyanyua nyuso zote kwa pamoja, hata watoto, na likishuka tunashusha.

Kabla ya alfajiri baba alisimama, akaenda dirishani, akaweka sikio. "Umegeuka," akasema. "Sasa ni matlai."

Sikujua kwa nini jambo hilo lilimshtua kuliko kishindo chenyewe. Nilikuja kuelewa baadaye, nilipokaa na kuchora. Huku kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Hidaya kilikuwa kinatoka mashariki kuelekea Mafia, na sisi Kilwa tuko kusini mwa Mafia. Kikiwa bado mbali mashariki, upepo unatupiga kutoka kusini. Kikishasogea kaskazini yetu, upepo unatoka baharini moja kwa moja, mashariki, ndiyo matlai yenyewe, na unabeba maji ya bahari yote ile iliyochemka na kuyamwaga juu ya nchi. Waliokuwa kaskazini yake walipata upepo wa upande mwingine, unaotoka bara. Kimbunga ni kimoja, lakini ukiwa upande huu unapata kitu tofauti kabisa na aliye upande ule. Baba hajawahi kuona mchoro wa namna hiyo maisha yake yote. Aliujua kwa sikio.

Ukuta wa jiko ndio uliokwenda. Jiko letu liko nje, la miti na udongo, na ukuta wake mmoja unaitazama bahari. Mvua ya matlai iliupiga ubavuni mpaka udongo ukawa uji. Haukuanguka kwa kishindo. Ulikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka kusimama, fito zikabaki wazi, na sufuria za mama zikaonekana zimepangwa vilevile kwenye kichanja, hakuna hata moja iliyoanguka. Mama alitazama kupitia dirishani kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Afadhali hapo." Alikuwa na maana ya jiko badala ya sebule yenye watoto.

Jumamosi, Mei 4, kimbunga kikafika Mafia, na huko ndiko kilikoishia. Kilikuwa kimeshapoteza nguvu nyingi, na kufikia usiku Mamlaka ikatangaza kwamba si tishio tena. Tulisikia taarifa hiyo kwenye redio ya betri ya jirani, mtaa mzima umejazana ukumbini kwake. Watu wakakumbatiana. Nami nililia, sioni haya kusema. Bati lipo, mashua ipo, baba na mama wapo, watoto wote tisini na ushee wa mtaa ule wanapiga makelele. Nikasema kesho napakia samaki wangu.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Siku zote tatu tulikuwa tumejiandaa kwa upepo. Neno lilikuwa kimbunga, na kimbunga kwa mtu wa kawaida ni upepo. Tulifunga mapaa, tukaficha vyombo, tukakata matawi ya miembe. Upepo ukaja, ukapita, na kwa rehema za Mungu haukutumaliza. Mvua ilitajwa katika kila taarifa, ilitajwa wazi, nami niliisikia. Lakini ilitajwa kwa milimita, na milimita kwenye rula ya mtoto wa shule ni kijistari kidogo.

Jumapili jua likatoka. Anga safi, bahari imetulia rangi ya chai ya maziwa kwa udongo uliomwagwa na mto Matandu. Barafu yangu ilikuwa imeshakwisha nusu na pa kupata nyingine hapakuwepo kwa kuwa umeme haujarudi. Nikakodi guta, nikapakia madeli, tukatoka. Nilipofika Nangurukuru nilidhani kuna msiba. Magari yalikuwa yamepanga mstari ambao mwisho wake siuoni: mabasi, malori, magari madogo, watu wamekaa chini ya malori, wanawake wamewasha moto wa mawe matatu pembeni ya lami.

Dereva wa lori lililobeba simenti kutoka Mtwara ndiye aliyenieleza. "Dada, Somanga hakuna barabara." Sikumwelewa. Nikamuuliza kama maji yamejaa juu ya barabara. Akasema, "Maji yalishapita. Barabara ndiyo haipo." Akatoa simu, akanionyesha picha aliyotumiwa na mwenzake aliyekwama upande wa Dar. Kalavati limebebwa, tuta la barabara limeliwa chini, ukingo wa lami unaning'inia hewani kama ulimi. Chini yake maji ya kahawia yanapita bila haraka, mahali ambapo nimepita mara mia nikiwa nimelala. Na si hapo tu. Walitaja Mikereng'ende, wakataja na pengine.

Kwa mtu wa Mtwara au Lindi, barabara hii ikikatika, lami nyingine ya kufika Dar es Salaam ni ya kurudi nyuma mpaka Masasi, Tunduru, Songea, kisha Njombe na kuishukia Morogoro. Ni kuizunguka nusu ya nchi. Baadhi ya malori yaligeuza. Yule wa simenti hakuweza. Mafuta na posho yake havitoshi, na mifuko ya chini ilikuwa imeshaanza kuganda. Kwenye basi moja alikuwepo mzee anayepelekwa Muhimbili, barua ya rufaa ameishika mkononi, bintiye anampepea kwa kipande cha boksi. Sahani ya wali maharage iliyokuwa shilingi 2,000 asubuhi ilifika 3,500 jioni, na bado iliisha.

Niliwafungulia wenye njaa deli moja. Tulichoma changu pale pale barabarani, chumvi tupu. Yule mzee wa rufaa alikula kipande, akaniombea dua ndefu. Mengine mawili nikayarudisha Kivinje jioni, barafu ikiwa imebaki vipande vya kushika mkononi.

Mama alikuwa ananisubiri na kisu.

Hakuniuliza nimepata hasara gani. Alishamwita shangazi na wanawake watatu wa jirani, ameshanunua chumvi ya mawe, ameshakusanya makumbi ya nazi makavu yaliyokuwa chini ya kitanda. "Tunafanya ng'onda," akasema. Usiku kucha tulipasua samaki. Unaanzia mgongoni, kisu kinafuata mfupa mpaka mkiani, unamfungua kama kitabu, tumbo halikatwi, unatoa matumbo na matamvua, unamchanja nyama nenenene ili chumvi iingie. Nilikuwa sijafanya kazi ile tangu nikiwa msichana. Chumvi iliingia kwenye kila mkwaruzo wa vidole. Mama alikuwa ananisahihisha bila kuinua macho: "Usimwonee huruma, mkandamize." Waliokuwa wameanza kulegea tuliwabanika juu ya moshi wa makumbi, ndani ya jiko lenye kuta tatu, moshi unatokea upande ule ulioanguka. Siku zilizofuata jua lilikuwa kali, Mungu ni mwema, tukawaanika kwenye chanja, watoto wakipokezana kufukuza kunguru.

Ni usiku ule wa kupasua samaki ndipo nilipoipiga ile hesabu. Nilimuuliza baba bati la nyumba lina ukubwa gani. Akasema mita nane kwa tano, aliliezeka mwenyewe. Milimita moja ya mvua, ikianguka kwenye mita moja ya mraba, ni lita moja kamili. Hapo hakuna elimu kubwa, ni darasa la sita. Milimita 50 basi ni lita 50 kwa kila mita ya mraba. Bati letu lina mita 40 za mraba: lita 2,000. Ndoo za lita 20, mia moja.

"Mama," nikamwambia, "ni ndoo mia moja. Kwenye bati letu peke yake."

Kisu chake kikasimama, kama ungo ulivyosimama Alhamisi. Mama yangu amebeba maji kichwani tangu akiwa na miaka saba. Anajua ndoo moja inavyoikaba shingo, anajua kumi zinamaliza asubuhi yote. Aliliangalia bati, akaliangalia la jirani, na lile linalofuata. Niliona anazibeba.

Baba, aliyekuwa kimya kibarazani, akasema, "Hesabu na za Liwale."

Nikanyamaza. Matandu hauanzii Kivinje. Unatoka huko juu, Liwale, unakusanya vijito vya nchi nzima iliyoko kati, unakuja kumwaga hapa kwetu. Kilomita moja ya mraba ikinyeshewa milimita 50 ni lita milioni 50, sawa na magari 5,000 ya maji ya lita 10,000 kila moja. Na hiyo ni kilomita moja. Na udongo umeshiba. Maji hayo yanatembea. Yanaweza kuchukua siku nzima au zaidi kufika barabarani, jua likiwa limeshatoka, watu wakiwa wanaanika nguo na kukumbatiana. Yanalikuta kalavati lililojengwa kwa mvua za wakati mwingine. Hayawezi kupita yote ndani yake, basi yanapita pembeni, yanakula tuta.

Siwalaumu watabiri. Walitwambia siku kadhaa kabla, na bila taarifa zao vyombo vingekuwa baharini Ijumaa ile na leo ningekuwa naandika mambo mengine. Zile taarifa za siku hizi zina hata sehemu ya athari, utasikia "baadhi ya makazi kuzungukwa na maji", na ni hatua kubwa kuliko zamani. Ninachokitamani, na ninakisema kwa heshima, ni kwamba mtu akisoma redioni kwa ajili yetu wa Kilwa aseme: ndoo mia moja kwenye bati lako, na zidisha kwa kila bati unaloliona. Aseme mito kwa majina yake, Matandu, Mavuji, Mbwemkuru. Aseme upepo ukitulia usisafiri bado, maji ya bara hayajafika. Mama angenikataza kununua samaki wale. Kwa ndoo mia angenikataza.

Barabara ilichukua siku kadhaa kupitika. Waziri wa Ujenzi wa wakati ule, Innocent Bashungwa, alipiga kambi hapohapo Somanga na mafundi wakafanya kazi usiku na mchana, mawe yakimwagwa malori kwa malori. Nilipita na basi la mwanzo mwanzo. Tulishushwa tukavuka kwa miguu, basi likatufuata tupu, polepole, dereva ametoa kichwa nje. Nilikuwa na magunia mawili ya ng'onda. Chini ya njia ile mpya ya mawe, maji yalikuwa bado yanapita. Niliinama nikaona kiatu cha mtoto, cha plastiki ya bluu, kimenasa kwenye mizizi ya mti uliong'oka. Sijui kilitoka kijiji gani. Watu walikuwa wananihimiza nitembee.

Ng'onda zile ziliuzika Mbagala kwa siku mbili. Watu wa kusini wanaoishi kule waliponusa tu walijua. Sikupata faida, nilirudisha karibu nusu ya mtaji, na mpaka leo kuna mama mmoja wa Zakhem anayenipigia akitaka "zile za kimbunga".

Aprili 2025 mvua zikaikata tena barabara palepale Somanga. Safari hiyo hakikuwepo kimbunga cha kutajwa jina, mvua ya masika tu. Nilikuwa Mbagala na mzigo wangu haukuwa njiani, kwa sababu siku hizi, taarifa ikisoma mvua kubwa Lindi, sinunui. Nasubiri siku mbili baada ya jua kutoka, kisha nampigia dereva mmoja ninayemfahamu namuuliza maji ya Matandu yana rangi gani na yamefika wapi kwenye nguzo. Wenzangu wa soko wananiona ninapoteza biashara. Labda ni kweli.

Juzi mama alinipigia kabla hata sijanywa chai.

"Redio imesema zaidi ya hamsini. Ni ndoo mia, siyo?"

"Ndiyo, mama. Mia na zaidi."

"Na Liwale wamesemaje?"

Nikamwambia sijasikia, nitaangalia.

"Angalia kwanza," akasema. "Baba yako ameshaishusha amari."